Bei tatu za gari moja



Mjini Lubumbashi kila gari kubwa la kupanda milima na kuvuka matope huitwa jipu, liwe limetoka Japani, Ulaya au Marekani. Katika Kiswahili neno hilo ni pia jina la uvimbe wenye usaha, na wale wanaolipa mafuta na matairi ya gari la namna hiyo hawaoni kwamba lugha imewaonea. Sisi, nyumba nane za mtaa mmoja, tulikuwa na jipu letu la pamoja kwa miaka tisa, tangu 2015 hadi 2024. Lilibeba wagonjwa, maharusi, majeneza, mifuko ya mahindi, na mara nyingi lilikodishwa kwa watu wa kazi za migodi ili lijilipie mafuta yake. Safari zake si habari ya leo. Tunataka kueleza jambo lililotusumbua siku tulipotaka kuliuza: thamani yake ilikuwa kiasi gani, na thamani hiyo ilikuwa mali ya nani.

Mmoja wetu, aliyekuwa mlinzi na fundi wa gari hilo, alifariki mwanzoni mwa 2024. Mama mjane wake alingoja matanga yaishe na miezi minne ipite, ndipo akatuambia kwa upole kwamba angependa kutoa fungu lake, maana mtoto wao wa mwisho alikuwa anaingia chuo kikuu, na minervali haimngojei mtu. Hakuna aliyemkatalia. Lakini fungu lake lilikuwa kiasi gani? Mwaka 2015 kila nyumba ilitoa dola 2.000, zikapatikana dola 16.000, tukanunua Land Cruiser ya mwaka 2006 iliyokuwa inauzwa na shirika moja la misaada kwa njia ya bahasha zilizofungwa. Katika mkutano wetu, baba aliye mkubwa kwa umri alisema wa kwanza: mama arudishiwe dola zake 2.000, na maneno yaishe. Wa pili alikuwa ndugu yetu mhasibu. Yeye alifungua daftari lake kubwa akatuonyesha kwamba gari halina thamani tena hata kidogo. Limefika sifuri.

Tulicheka, yeye hakucheka. Kongo iliingia katika umoja wa OHADA mwaka 2012, na kanuni za uhasibu za umoja huo zinataka bei ya kila chombo cha kazi igawanywe katika miaka ambayo chombo hicho kinatazamiwa kutumika. Kwa gari watu huweka, kwa kawaida, miaka minne au mitano, na kila mwaka fungu moja huandikwa kuwa limeliwa. Hivyo jipu letu lilikuwa limekwisha kabisa katika daftari tangu 2020, huku kila asubuhi likiwaka kwa mguso wa kwanza wa ufunguo. Ndugu yetu hakusema uongo. Daftari lake hujibu swali la namna ya kugawanya gharama kati ya mwaka na mwaka, ili mtu asijidanganye kwamba amepata faida kumbe anakula chombo chake mwenyewe. Lakini mtu anayesimama mlangoni na kuuliza, «Mnaliuza kiasi gani?» hajibiwi na daftari hilo.

Basi tulikuwa na dola 2.000 za kumbukumbu, tulikuwa na sifuri ya daftari, na mahali fulani katikati palikuwa na bei ya soko ambayo hakuna aliyeijua. Tukawatuma watu watatu kuitafuta, nao walirudi na elimu nyingi kuliko tulivyotazamia.

La kwanza walilotufundisha ni kwamba gari halishuki bei kama mtu ashukaye ngazi zenye vidato sawa. Hushuka kama mtu anayeteremka mlima ambao kileleni mteremko wake ni mkali na bondeni ni mwanana. Tuseme gari jipya lina thamani ya 100, na kila mwaka linapoteza 15 kwa mia ya kile kilichobaki. Baada ya mwaka mmoja limebaki na 85, baada ya miwili 72, baada ya mitatu 61, baada ya mitano 44, na baada ya kumi limekaribia 20. Aliyelinunua jipya na kulishika miaka mitano amepoteza 56. Aliyelipokea kwake na kulishika miaka mitano mingine amepoteza 24 tu, ingawa safari zao zaweza kuwa zile zile. Tofauti hiyo ndiyo malipo ya harufu ya upya, na watu wengi huilipa kwa furaha. Mfano huu ni wa kuelewa tu. Kila aina ya gari ina mteremko wake, na magari makubwa ya fahari yana mteremko mkali kuliko mengine.

Kwa nini makubwa? Sisi tulidhani kitu kikubwa kinakaa na bei yake, kama nyumba ya matofali inavyokaa kuliko ya udongo. Lakini gari hushuka bei, na chakula chake hakishuki. Jipu lililonunuliwa dola 90.000 likiuzwa kwa dola 25.000 bado linakunywa mafuta yale yale, linataka matairi mapana yale yale, na kipuri chake bado kinauzwa kwa bei ya gari la dola 90.000. Mnunuzi wa pili ana mfuko mdogo kuliko wa kwanza, na wa tatu ana mfuko mdogo zaidi, ila wote watatu wanalisha mnyama yule yule. Kila mtu mwenye akili anapotaka kununua huhesabu gharama hizo zinazomngoja, akaziondoa katika bei anayotoa. Ndiyo maana bei huanguka mpaka mahali ambapo gari linaonekana kama zawadi.

Jirani yetu mmoja aliipokea zawadi ya namna hiyo. Jipu lake lilitoka Ulaya, likapitia Dubai, lina viti vya ngozi na dirisha la paa, na lilikuwa na umri wa miaka sita tu. Lilinunuliwa kwa bei ambayo hapa mjini isingetosha kununua Land Cruiser yenye umri mara mbili. Badala ya springi za chuma lilikuwa na mifuko ya hewa, ambayo pampu ndogo huijaza ili gari lipande au lishuke kwa kubonyeza kitufe. Mifuko hiyo ni ya mpira, na mpira huzeeka. Asubuhi moja lilikutwa limelala chini mbele ya lango kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Vipuri viliagizwa mbali, kompyuta ya kulipima haikupatikana ila kwa fundi mmoja, na baada ya miezi saba jirani aliliuza kwa mtu wa kulikata vipande. Tunalisema bila kumcheka. Wakati wa kulinunua, gari hilo lilikuwa zuri kweli, na kile kilicholishusha bei kilikuwa hakionekani kwa macho.

Soko letu la Katanga lina mambo yake pia. Nchini Japani gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama kiasi kwamba wengi huona afadhali kuuza kuliko kukagua tena. Magari hayo huingia minadani, hupakiwa melini, hushushwa Dar es Salaam au Durban, na mwisho hupanga mstari Kasumbalesa, kwenye mpaka wetu na Zambia. Yana usukani upande wa kuume, maana Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara, na sisi Wakongo huendesha upande wa kulia. Katika barabara ya Likasi, dereva wa gari la namna hiyo akitaka kulipita lori hana budi kumwuliza aliye kando yake kama njia ni wazi. Hilo nalo huhesabiwa katika bei: gari lenye usukani wa kushoto, kama letu, huuzwa ghali kuliko pacha wake wa upande wa pili.

Kisha kuna shaba. Mwaka 2015 bei yake duniani ilianguka, na mwezi wa Septemba ikatangazwa kwamba uchimbaji katika mgodi mkubwa wa KCC, karibu na Kolwezi, ungesimamishwa kwa miezi 18. Wenye makampuni madogo ya kukodisha magari walianza kuuza kwa haraka, na mtu mwenye fedha mkononi aliweza kuchagua. Sisi tulinunua katika mwaka huo huo, na hatuna budi kukiri kwamba furaha yetu ilikuwa hasara ya mtu mwingine. Bei ya jipu mjini kwetu haitegemei umri na kilomita peke yake; inategemea pia watu wa London na Shanghai wanaonunua shaba bila kujua kwamba tupo.

Lakini pamoja na hayo yote, wajumbe wetu walirudi na habari iliyotushangaza. Land Cruiser za aina yetu zilikuwa karibu zimeacha kushuka bei. Zilikuwa zimefika chini ya mlima na kukuta sakafu. Yenye miaka 15 na yenye miaka 20 zilitofautiana kidogo sana, kama zimetunzwa.

Mafundi wa garaji walitueleza sababu bila shida. Toyota ilitengeneza gari la kwanza la ukoo huu mwaka 1951, na jina la Land Cruiser lilifuata mwaka 1954. Gari letu lilikuwa na injini inayoitwa 1HZ, ya silinda sita na lita 4,2, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Haina turbo, na pampu yake ya dizeli ni ya chuma tupu, isiyongoja amri ya kompyuta. Si injini ya mbio. Ikipanda mlima na mzigo, lori la bia linaweza kuifuata kwa karibu. Lakini fundi wa Kasenga, wa Bukama, wa Manono amekwisha kuifungua mara nyingi, na vipuri vyake, halisi na vya bandia, viko katika kila soko. Injini mpya za dizeli zina vichujio vya moshi vinavyotaka mafuta safi yenye salfa kidogo sana. Mafuta yanayofika katika madumu mabondeni hayana usafi huo. Kwa hiyo kile ambacho Ulaya ni uzee, kwetu ni sifa, na mtu wa kijijini anaweza kulipa zaidi kwa ajili ya gari lisilo na akili za kisasa. Hata mwenye fedha nyingi hawezi kulikimbilia jipya kila anapotaka. Land Cruiser ya mfululizo wa 300 ilipotoka mwaka 2021, maombi yalikuwa mengi hata wanunuzi wa Japani walitakiwa kuahidi kwa maandishi kwamba hawataliuza gari hilo kabla ya mwaka mmoja kupita. Kama gari lingeshuka bei siku ya kwanza, nani angehitaji ahadi ya namna hiyo?

Basi tukaanza kuliuza. Wapatanishi wa soko, ambao kwetu huitwa makomisioneri, walilitazama, wakapiga magurudumu teke, wakafungua boneti, na kwa kauli moja wakasema dola 9.200. Hawakutaka kujua mengine. Komisioneri mmoja, mtu mzima na mwenye heshima zake, alipoona daftari la marehemu likiwa juu ya kiti alituvuta kando na kutushauri tulifiche.

Hapa inafaa tueleze daftari hilo. Marehemu ndugu yetu aliandika kila kitu. Oili ilibadilishwa kila kilomita 5.000, na tarehe iko. Kichujio cha hewa, mikanda, mafuta ya breki, bei ya kila kitu na jina la duka. Yameandikwa pia mabaya. Mwaka 2019, katika barabara ya Kasenga, bomba la maji lilipasuka, injini ikachemka, na ikabidi kichwa chake, ambacho mafundi wetu hukiita kulasi, kifunguliwe, kinyooshwe na kuwekewa gasketi mpya. Kurasa tatu nzima. Komisioneri alisema kurasa hizo zitatuondolea dola 1.000 au zaidi, maana neno kulasi linamkimbiza mnunuzi kama neno nyoka.

Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alipewa, pamoja na wenzake wawili, tuzo ya Nobel ya uchumi kwa ajili ya kazi ya namna hiyo. Hoja yake yaweza kusemwa kwa maneno ya sokoni. Muuzaji anaijua siri ya gari lake, mnunuzi haijui. Mnunuzi, kwa kuogopa, hutoa bei ya gari la wastani, au chini yake. Mwenye gari zuri akiisikia bei hiyo hukasirika na kurudi nalo nyumbani, na mwenye gari bovu huipokea kwa haraka. Mwishowe soko linabaki na mabovu, na woga wa mnunuzi unathibitishwa. Sehemu ya kushuka kwa bei, kwa hiyo, haitoki katika chuma wala katika kilomita. Inatoka katika kutoaminiana. Dola 9.200 za makomisioneri zilikuwa bei ya gari lisilojulikana, la watu wasiojulikana, katika mji ambamo kilomita za kwenye dashibodi hurudishwa nyuma kwa malipo ya chakula cha mchana.

Hatukulificha daftari. Tuliwakabidhi wote waliokuja, pamoja na kurasa za kulasi. Wawili walizisoma hizo tu, wakaaga. Wa tatu alikuwa mfanyabiashara wa samaki anayekwenda Kasenga na kurudi, mtu aliyekwisha kuua magari matatu katika barabara hiyo. Aliketi chini ya mwembe na kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa saa nzima na zaidi, akilamba kidole kila anapofunua. Alitazama raba ya pedali za miguu na ngozi ya usukani, akalinganisha na kilomita zilizoandikwa, akaomba injini iwashwe ikiwa baridi. Kisha alisema kwamba gari lililofunguliwa kulasi na kutembea miaka mitano baada ya hapo analiamini kuliko gari ambalo halijafunguliwa, mradi anajua nani alilifunga. Akatoa dola 11.600.

Ugumu wenyewe ulikuja baada ya fedha kuhesabiwa. Tofauti kati ya bei ya makomisioneri na bei ya mtu wa samaki ilikuwa dola 2.400. Nani amezizaa? Baadhi yetu walisema ni za wote: oili ilinunuliwa kwa mfuko wa pamoja, vipuri vivyo hivyo, na marehemu alikuwa mmoja wa nane. Wengine walisema mfuko wa pamoja ulinunua oili, lakini haukulala chini ya gari Jumamosi jioni, wala haukuandika mstari hata mmoja. Kwa miaka tisa hakudai malipo. Tungemlipa fundi wa nje, tungejua ni kiasi gani. Kwa kuwa hatukumlipa, kazi yake ilikaa ndani ya gari bila jina, na ikaonekana siku ya mauzo tu. Mhasibu wetu, yule wa sifuri, ndiye aliyesema kwa nguvu kuliko wote upande wa mjane. Alisema kwamba daftari lake kubwa lilipima uzee wa gari, na daftari dogo la marehemu lilikuwa linapima kitu ambacho yeye hana safu ya kukiandika.

Mama mjane mwenyewe hakuwapo siku hiyo. Aliomba asiwepo.

Tulikubaliana hivi. Dola 9.200 ziligawanywa sawasawa, dola 1.150 kwa kila nyumba. Nusu ya zile 2.400, yaani 1.200, ilikwenda kwa nyumba ya marehemu, na nusu iliyobaki ikagawanywa kwa wote nane, dola 150 kila mmoja. Nyumba saba zilipokea dola 1.300, na mama alipokea 2.500. Baba mzee, aliyekuwa ametaka arudishiwe 2.000, alihesabu kwa vidole na kusema kwamba mama amepata kuliko alivyotoa, na kwamba jambo hilo halijapata kuonekana katika biashara ya magari. Ndugu mmoja hakukubali, na hadi leo hakubali. Kwake, anayejitolea amejitolea, na kumlipa baada ya kifo ni kumgeuza kuwa kibarua. Hatukuweza kumjibu vizuri. Alitia sahihi kwa ajili ya amani, na akaomba iandikwe kwamba alipinga, ikaandikwa.

Sisi saba tuliopokea 1.300 tulikuwa tumepoteza 700 kila mmoja kwa miaka tisa, ambayo ni chini ya dola 7 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei tuliyolipa, mbali na mafuta na vipuri, ili saa nane za usiku mgonjwa asisubiri pikipiki.

Mnunuzi alitaka jambo moja zaidi kabla ya kuondoka: alidai daftari liende pamoja na gari, akisema kwamba ndilo alilonunua. Tulimtuma kijana kwa mama mjane kumwuliza. Alijibu kwamba liende, ila apewe siku mbili kwanza. Mtoto wake, yule wa chuo kikuu, alilipeleka mjini akapiga fotokopi ya kurasa zote, na Jumatatu mtu wa samaki alikuja kulichukua.